Mkono Utetemekao Si Uchawi Wala Si Ulevi

Yako maradhi yaingiayo mjini kwa kishindo, na siku ya pili mtaa mzima umekwisha jua. Kipindupindu ni mojawapo. Na yako mengine yaingiayo kwa kunyata, yakakaa ndani ya mwili wa mtu miaka mingi kabla mwenyewe hajajua kwamba amepata mgeni. Leo twataka kusema habari za ugonjwa mmoja wa namna hii ya pili, kwa sababu tumeona kwa macho yetu jinsi ulivyovunja nyumba ya watu wema, na kwa sababu wataalamu wa dunia wamo katika kuutafuta kiini chake kwa njia ambayo mwananchi apaswa kuielewa.

Tulipokuwa Songea, mkoani Ruvuma, tulikaribishwa barazani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki, aliyefanya kazi ya ufundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini. Jina lake hatutalitaja, maana aibu ya mtu si mali ya gazeti. Mzee huyu alisifika kwa kushona makoti na sare za shule. Siku moja alishindwa kupitisha uzi katika tundu la sindano. Akadhani ni macho, akanunua miwani. Miwani ikalikuza tundu la sindano, lakini haikuutuliza mkono. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana vyenyewe, kana kwamba mwenye navyo anahesabu noti asizokuwa nazo.

Mkewe alitueleza kwamba dalili ya kwanza haikuwa mkono. Yapata miaka miwili kabla ya hapo, ugali uliungua jikoni naye mzee yumo humo humo, asisikie harufu yoyote. Wakacheka, wakasema ni uzee. Baadaye hatua zake zikafupika. Uso wake ukakauka, akawa hacheki hata alipofurahi. Mwandiko wake katika daftari la vipimo vya wateja ukazidi kuwa mdogo hata mtu asiweze kuusoma.

Hapo ndipo midomo ya watu ilipofunguka. Wa kwanza walisema ni pombe, na mzee huyu hajapata kuonja pombe maishani mwake. Wa pili walisema ni uchawi. Mganga aliyeendewa akapiga ramli, akaelekeza kidole nyumba ya mdogo wake mzee, mtoto wa tumbo moja. Mbuzi wakauzwa, cherehani ikawekwa rehani, na ndugu wawili waliolelewa kwenye mkeka mmoja hawakuamkiana kwa miaka minne. Mdogo mtu akafa kabla hawajapatana.

Baada ya msiba ule, mzee alimpeleka mjukuu wake hospitali kwa ajili ya homa. Tabibu mmoja kijana akamwona akitembea barazani, akaacha alichokuwa akikifanya, akamwendea. “Shikamoo, babu,” akasema. “Mkono huu ulianza lini?” Kwa mara ya kwanza ugonjwa ukatajwa kwa jina lake. Mzee alipokuwa akitusimulia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Wanangu, siku ile sikulia kwa ajili ya mkono. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu.”

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 taifa letu limetaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika nyumba ile ya Mfaranyaki maadui wote watatu walikaa pamoja, na aliyefanya madhara makubwa kuliko wenzake alikuwa ujinga. Ugonjwa ulichukua mkono wa mzee. Ujinga ulichukua ndugu yake. Kwa hiyo yatupasa kwanza kuusema ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huu waitwa Parkinson. Jina hilo ni la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeandika kijitabu juu yake mwaka 1817 baada ya kuwaangalia watu sita tu, wengine akiwa amewaona njiani mjini London. Baadaye mabingwa wa Ufaransa waliupa ugonjwa jina lake. Yeye hakujua sababu yake, wala hakuwa na dawa. Lakini alifanya lile ambalo majirani wa Mfaranyaki hawakulifanya, yaani aliangalia kwa makini kabla ya kutoa hukumu.

Katikati ya ubongo wa binadamu ipo sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli za sehemu hiyo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake ni kama ya tarishi: hupeleka ujumbe kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, ili mtu atakapo kunyosha mkono, mkono unyoshwe bila kusita na bila kutikisika. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo. Ubaya ni kwamba ubongo huvumilia sana. Inakadiriwa kwamba dalili za mwendo zinapojitokeza, nusu ya seli hizo, au hata zaidi, zimekwisha kufa. Ndiyo maana tulisema kwamba ugonjwa huu hunyata. Mtu hupotewa na harufu, hupata choo kigumu, hupiga mateke na kupayuka usingizini, na miaka ikapita kabla ya kidole cha kwanza kutikisika.

Dawa ilipatikana kwa kazi ya watu wengi. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba wanyama walioondolewa dopamini hata wakashindwa kutembea walirudishiwa mwendo kwa kupewa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960 wataalamu wa Vienna, Ehringer na Hornykiewicz, walichunguza bongo za wagonjwa waliokufa wakakuta dopamini imepungua mno. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, akathibitisha kwamba levodopa ikimezwa kwa kipimo kilichoongezwa pole pole humwinua mgonjwa. Watu waliokuwa wamekakamaa kitini wakasimama, wakatembea. Hata leo hakuna dawa iliyoipita.

Lakini hapana budi tuseme kweli yote. Levodopa hujaza pengo la dopamini; haizuii seli kufa. Mgonjwa hunufaika, na wakati huo huo moto unaendelea kula ndani. Ndiyo sababu wataalamu hawakuridhika. Waliuliza swali ambalo kila mwenye nyumba angeliuliza: Je, nani awashaye moto huu?

Sehemu moja ya jibu ilitokea mwaka 1988. Patrick McGeer na wenzake wa Kanada walichunguza bongo za marehemu waliokuwa na ugonjwa huu. Katika sehemu ile nyeusi walikuta kundi kubwa la seli ziitwazo mikroglia zikiwa zimeamka kwa vita. Mikroglia ni walinzi wa ubongo. Wakati wa amani hukaa kimya zikinyosha vidole vyake huku na huko kupeleleza. Likiingia jambo baya, hubadili umbo, hula takataka, na kumwaga kemikali kali za kumshambulia adui. Hali hii ya mwili kuwaka kwa kujilinda, wataalamu wetu wa Kiswahili huiita mchochota. Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, huwa chekundu na huuma: huo ni mchochota, na ni jambo jema likidumu siku mbili tatu.

Msomaji wa Songea hahitaji mfano wa kutoka mbali. Anawajua sungusungu. Kijiji kikiingiliwa na wezi, vijana huchukua rungu na tochi wakalinda usiku, na watu wakalala salama. Lakini sungusungu wakizoea kukaa macho miezi na miezi, wakiwa na hasira na bila wa kuwaambia rudini nyumbani, mwisho wake humpiga mpita njia, na pengine mwenye nyumba mwenyewe. Ndivyo wataalamu wengi wanavyofikiri juu ya mikroglia katika ugonjwa huu: kwamba walinzi waliitwa kwa sababu ya haki, kisha wakashindwa kutulia, wakaanza kuziumiza seli zile zile walizokuja kuzilinda.

Lakini McGeer alitazama bongo za wafu. Ukiyakuta majivu asubuhi, huwezi kujua kama sungusungu ndio waliochoma nyumba au walifika baada ya kuungua. Ilitakiwa njia ya kuutazama ubongo wa mtu aliye hai, anayepumua na kuzungumza. Hapa ndipo kazi ya upigaji picha inapoingia, nasi twaomba ndugu msomaji avumilie kidogo, maana jambo si gumu likielezwa taratibu.

Picha ya kawaida ya mionzi huonyesha umbo: mfupa ulipovunjika, damu ilipovujia. Mchochota hauna umbo la kuonekana namna hiyo. Kwa hiyo wataalamu hutumia mtambo uitwao PET. Huchukua dawa inayopenda kushikamana na protini iitwayo TSPO, ambayo huongezeka katika mikroglia zilizoamka. Dawa hiyo huungwa na chembe za kaboni yenye mnururisho, ikadungwa kidogo sana mshipani. Husafiri na damu hata ubongoni, ikashika pale walinzi walipo wengi. Mgonjwa hulala, kichwa chake kikiwa ndani ya mtambo wenye umbo la pete, na mtambo huhesabu mionzi itokayo. Mahali penye walinzi wengi wenye hasira hung'aa katika picha kuliko mahali penye amani.

Mwaka 2005 wataalamu wa Japani wakiongozwa na Yasuomi Ouchi walitangaza kwamba wagonjwa wa Parkinson, hata wale wa mwanzo, wana mwanga huo katika ubongo wa kati, na kwamba ulikwenda pamoja na upungufu wa dopamini. Mwaka 2006 Alexander Gerhard na wenzake wa London walionyesha mwanga huo katika sehemu nyingi za ubongo. Wachache kati ya wagonjwa hao walipopigwa picha tena baada ya miaka kama miwili, mwanga haukubadilika sana ingawa ugonjwa wao ulisonga mbele. Kwa hiyo walinzi huamka mapema, wakakaa macho muda mrefu.

Je, suala limekwisha? Hasha. Yako matatizo makubwa, na watafiti wenyewe ndio wa kwanza kuyasema.

Tatizo la kwanza ni kwamba TSPO haimo katika mikroglia peke yake. Seli nyingine za ubongo na za mishipa ya damu nazo zinayo. Picha yaweza kung'aa kwa sababu zaidi ya moja. Tatizo la pili ni kwamba hata mwanga ukiwa wa kweli, haukuambii kama walinzi wanajenga au wanabomoa. Rungu la mlinzi na rungu la mwizi, ukiyatazama kwa mbali usiku, ni rungu moja.

Tatizo la tatu latuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Dawa za pili, zilizotengenezwa baada ya ile ya kwanza ili zitoe picha safi zaidi, zilileta kizaazaa: kwa watu wengine zilishika sana, kwa wengine zilishika kidogo, hata pasipo ugonjwa. Mwaka 2012 ikathibitishwa kwamba sababu ni herufi moja tu katika urithi wa mtu. Mmoja amezaliwa na TSPO inayoshika sana, mwingine ishikayo kidogo, na wa tatu amechanganya. Tena hesabu ya watu hao si moja kwa mataifa yote: kwa Wazungu walio na urithi wa kushika kidogo ni wengi, kwa Wajapani ni wachache sana. Basi mtafiti asipoupima kwanza urithi wa mtu, ataona mwanga hafifu adhani ni afya, kumbe ni maumbile. Na kanuni zikiandikwa kwa kutazama watu wa bara moja tu, siku dawa itakapokuja tutaambiwa tunywe kwa kipimo cha kichwa cha mwingine.

Si maneno ya kuogofya bure. Mwaka 2023 watafiti, wakiwamo wataalamu wa Nigeria, walitangaza kwamba wamepata katika urithi wa watu wenye asili ya Afrika badiliko la jeni iitwayo GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson, badiliko ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Dunia ilikuwa imeutafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi bila kuliona, kwa sababu haikuwatazama wenye nalo.

Kazi ya kuzisoma picha za mchochota hufanywa kwa sehemu kubwa na watu ambao wafanyakazi wenzetu wangewatambua mara moja. Si maprofesa wenye mvi peke yao. Wengi ni vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamivu na ambao bado hawajapata kazi ya kudumu. Huajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, wakalala maabara, wakapanga wagonjwa, wakapima damu, wakasahihisha picha ambayo mgonjwa aliitikisa kwa kutetemeka, kisha mkataba ukaisha wakaanza kutafuta mwingine. Jina la mkubwa ndilo hukumbukwa. Sisi twasema kwamba elimu nayo ina vibarua wake, na kibarua huyu anastahili heshima ile ile tunayompa mchimba kisima ambaye hatakuwapo maji yatakapotoka.

Je, kazi yao imeleta faida yoyote mpaka sasa? Mwaka 2015 dawa moja ya kupunguza mchochota ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache huko Ulaya, na mtambo wa PET ukaonyesha kwamba mwanga ulipungua. Hilo ni jambo kubwa, maana lathibitisha kwamba picha yaweza kutumiwa kupima kama dawa imefika ilikotumwa. Lakini kupungua kwa mwanga si kupona kwa mgonjwa. Mwaka huo huo, dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni, ambayo ilitumainiwa kutuliza mchochota, ilionekana katika majaribio ya Marekani kuwa haielekei kupunguza kasi ya ugonjwa. Njia ni ndefu. Atakayewauzia leo dawa ya kuzima moto wa ubongo, ndugu wananchi, mfungieni mlango.

Twajua wako watakaotuuliza: Haya yote yamhusu nini mkulima wa kahawa wa Mbinga, au mpasua mbao wa Songea? Kaboni ile yenye mnururisho hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 20. Baada ya saa mbili imebaki sehemu moja kati ya 64. Haiwezi kupakiwa kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Ni lazima itengenezwe pale pale kwa mtambo uitwao saiklotroni. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilizindua mtambo wake mwaka 2018, na hapo kazi kubwa ni saratani. Je, si anasa kuyazungumza haya mbele ya mtu ambaye zahanati yake yakosa vidonge?

Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Jibu letu ni kwamba mambo ni mawili, na moja halimwondoi mwenzake.

La kwanza ni la leo. Ili kumtambua mgonjwa wa Parkinson, mtambo wa PET hauhitajiki. Hata picha ya CT haiuonyeshi ugonjwa huu. Husaidia tu kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Kinachotakiwa ni tabibu aliyefundishwa kuuliza na kutazama: mkono unatetemeka ukiwa umetulia? Viungo vimekakamaa? Mwendo umekuwa mzito? Dalili zilianza upande mmoja? Tabibu yule kijana wa Songea hakutumia hata shilingi moja ya umeme.

Tena tunayo hesabu iliyofanywa katika nchi yetu wenyewe. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza, Richard Walker na Catherine Dotchin, walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,071. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33, yaani kama 20 katika kila watu 100,000. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote wana ugonjwa gani. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2011, ulieleza jinsi wagonjwa walivyouita tu ugonjwa wa kutetemeka, na jinsi uzee na uchawi vilivyotajwa kuwa sababu. Kumbe barazani Mfaranyaki tulisikia hadithi ya taifa zima.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Ruvuma watu 1,848,794. Tukikopa kipimo cha Hai, twapata wagonjwa kama 370 mkoani. Hii si hesabu ya kuapia, maana hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba huku. Lakini yatosha kumwuliza kila kiongozi: Hao 370 wako wapi? Wanaojulikana ni wangapi? Waliobaki wanahesabiwa kuwa walevi au waliorogwa? Nao watazidi, kwa kuwa watu wetu sasa wanaishi umri mrefu kuliko baba zao, na ugonjwa huu hupenda umri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wagonjwa duniani walizidi milioni 8.5, na kwamba idadi ilikuwa imeongezeka mara mbili katika miaka 25.

Basi twataka levodopa ipatikane, si leo ipo na kesho haipo. Mzee wetu alituambia kwamba siku akiwa na vidonge huweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, na siku vikikosekana dukani hufungwa na mjukuu. Kwa mtu aliyewavisha wengine miaka thelathini, tofauti hiyo si ndogo.

Hapa twaongeza neno juu ya upupu, mmea ambao kila mtoto wa kijijini anaukimbia. Mbegu zake zina levodopa ya kweli. Wataalamu wa India walilisema hilo mwaka 1937, na jaribio lililofanywa Bolivia likatangazwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba unga wake uliopimwa vema ulisaidia wagonjwa. Lakini twaonya: ulipimwa maabara, na madaktari walikuwapo. Kiasi cha dawa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na levodopa ikizidi huangusha mtu, humtapisha, na kumwonyesha visivyokuwapo. Asitokee mtu kutwanga upupu nyumbani kwa sababu ameusoma katika gazeti letu.

La pili ni la kesho. Taifa likiisubiri elimu ya wengine iwe tayari ndipo linunue, litanunua daima, tena kwa bei ya muuzaji. Tanzania ni mojawapo ya nchi saba za Afrika zilizomo katika kazi ya utafiti wa Parkinson iongozwayo na Walker wa Chuo Kikuu cha Newcastle, pamoja na Misri, Ethiopia, Ghana, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Huo ni mlango. Twataka vijana wetu wapite mlango huo si kwa kubeba chupa za damu za wengine tu, bali kwa kuuliza maswali yao wenyewe. Je, walinzi wa ubongo wa mkulima wetu, aliyeugua malaria mara nyingi tangu utotoni, huwaka sawasawa na wa mtu wa London? Je, dawa za kuua wadudu mashambani, ambazo baadhi yake tafiti zimezihusisha na ugonjwa huu, zina sehemu gani? Maswali haya hayataulizwa na mtu asiyelijua shamba.

Kwa hiyo twamalizia kwa kuwasihi. Viongozi wa matawi, mkimwona mzee anatetemeka mkutanoni, msimcheke wala msimpishe kiti kwa dharau. Mwulizeni ilianza lini, mkampeleke hospitali. Wafanyakazi wa afya, fundishaneni dalili hizi, maana kijana mmoja aliyezijua alifanya kazi ambayo wengine hawakuifanya kwa miaka minne. Walimu, mkiwa na mtoto apendaye kuuliza kwa nini, msimnyamazishe. Huenda ndiye atakayezisoma picha hizo kwa niaba yetu.

Na ninyi mnaopiga ramli, mkielekeza kidole nyumba ya ndugu kwa malipo ya mbuzi, jueni kwamba ugonjwa huu una jina, una mahali pake ndani ya ubongo, na moto wake umepigwa picha. Katika picha hizo haikuonekana nyumba ya mdogo wake mtu.

Tulipoaga, mzee alisisitiza kutusindikiza mpaka njiani, hatua kwa hatua, mkono mmoja begani kwa mjukuu. Alituonyesha nyumba ya pili yake, mlango umefungwa. Akasema kila Ijumaa humtuma mjukuu kufagia uwanja wake. Hatukuwa na la kumjibu. Twaandika haya ili nyumba nyingine zisifike hapo.